Nishtakini Mimi

Jumatatu, 3 Februari

Leo naanza kuandika kwa tarehe, kwa sababu Ildephonse ameanza kukana maneno yake. Jumamosi alisema mifereji ya paa haikuwamo katika makubaliano yetu. Ilikuwamo. Nilimwonyesha mstari kwenye mkataba, akacheka: "Mama Houda, we ulipaswa kuwa mwalimu." Huenda. Nilimaliza sekondari hapa hapa Bujumbura, na tangu marehemu mume wangu Shakuru aniachie duka la vipuri Buyenzi nimejifunza kwamba mtu anayecheka anapoonyeshwa mstari ana mstari wake mwingine kichwani.

Kwa hiyo niweke mambo wazi. Nyumba iko Kinanira, kwenye mteremko. Ildephonse ndiye mkandarasi. Kazi ya chuma na kazi ya karo, vigae vya sakafu, amewagawia mafundi wake. Malipo ni manne: msingi, kuta, paa, na la mwisho, milioni kumi na mbili, siku ya kunikabidhi funguo. Matatu ya kwanza nimelipa na risiti ninazo. La mwisho bado liko kwangu. Ameahidi funguo kabla ya Ramadhani.

Jumatano, 5 Februari

Mvua asubuhi, mvua jioni. Mafuta hakuna mjini. Wateja wawili, mmoja alikuja kujikinga mvua.

Jumapili, 9 Februari

Nilipanda Kinanira. Fundi wa karo, Méthode, alikuwa amepiga magoti sebuleni, na Consolate, anayemchanganyia saruji, alikuwa akiimba wimbo wa kanisa. Nilipoingia akanyamaza. Méthode hakuinua kichwa. Niliuliza watamaliza lini.

"Mama, patron Ildephonse alikuambia atafika leo?"

"Mi nimeuliza juu ya karo."

"Na mi nimeuliza juu ya patron."

Fundi mwenye kiburi. Nimemwambia Ildephonse amkemee.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 17 Februari

Kimya kiwanjani. Karo zimefika katikati ya korido zikaishia hapo, kama mtu aliyekatizwa maneno. Ildephonse kwenye simu: "Ni wavivu hao, mama. Nitaleta wengine." Nilimwamini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 21 Februari

Lango limetoweka.

Jirani wa Kinanira alinipigia saa mbili asubuhi: mama, nyumba yako iko wazi. Nilipofika nilikuta nguzo mbili na uwazi kati yake. Hakuna kilichovunjwa. Palipokuwa na bawaba kulikuwa na alama nne ndogo, mbili juu na mbili chini, zilizokatwa vizuri na mtu anayejua alizifunga wapi.

Nikamjua mwenyewe bila polisi. Mafundi wa kuchomelea wa Buyenzi wana desturi yao. Lango ambalo bado hawajalipwa hawalichomelei lote. Wanalishika kwa nukta. Linasimama, linafunguka, linafungwa, ila bado ni lao. Siku wakichoka kungoja wanaleta msumeno, na kazi ni ya robo saa. Nimeishi Buyenzi miaka hamsini na moja, jambo hili nalijua tangu utotoni, na bado nimefungua na kufunga lango lile miezi mitatu bila kuinama nitazame bawaba.

Karakana ya Tajudini, aliyeunda lango langu, iko mitaa miwili kutoka dukani kwangu. Lango lilikuwa limeegemezwa ukutani. Hata kulifunika hakulifunika.

"Tajudini, umeniibia?"

"Apana, dada Sijaona. Mwizi anaficha. Mi nimeliweka barabarani ulione."

"Ni lango langu."

"Litakuwa lako. Sasa ni chuma yangu na mugongo wangu. Tangu Novemba sijaona hata mia."

"Mi nimemlipa Ildephonse."

"Kumulipa Ildephonse si kunilipa mi. Mi siitwi Ildephonse."

Waliokuwa wakingoja pikipiki zao walicheka. Nilihisi moto masikioni.

"Basi sikia vizuri. Mi silipi mara mbili. Hata uje uchukue na madirisha."

"Madirisha nimeyachomelea yote," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Nilikuwa mujinga."

Jumamosi, 22 Februari

Sitalipa mara mbili. Nimeandika tena ili kesho nisilainike.

Jumanne, 25 Februari

Ildephonse alikuja dukani na mkate mkubwa na maneno matamu. Anataka malipo ya mwisho sasa, kabla ya funguo. "Ukinipa solde, mama, nawalipa Tajudini na Méthode siku ile ile, na lango linarudi."

"Pesa ya kuta na paa ilikwenda wapi?"

"Saruji imepanda, mafuta hakuna. We ni mufanyabiashara, unajua. Na hao mafundi ni watu wangu. We usijisumbue nao."

Kaka yangu mkubwa Atumani alikuwapo. Anawapenda watu wanaovua kofia wakiingia, na Ildephonse aliivua. "Mpe mtu haki yake, Sijaona," akasema. "Mambo ya mafundi ni yake na mafundi."

Nikasema funguo kwanza. Mkate tuliula.

Jumamosi, 1 Machi

Mfungo wa kwanza. Mvua kutwa. Funguo sina, lango sina.

Jumatano, 5 Machi

Leo niandike mengi, na si yote yananipendeza.

Jirani alinipigia tena: kuna watu wameingia nyumbani kwako na hawatoki. Nilipanda nikiwa na saumu na hasira. Méthode, Consolate na wenzao wanne walikuwa wameketi barazani. Chungu cha maharage kilikuwa motoni juu ya mawe matatu, pale ninapotaka kupanda maua.

"Tokeni," nikasema.

"Oya," Méthode akakataa kwa Kirundi, bila kelele. "Tutatoka siku tutalipwa. Huyu Consolate amefukuzwa kule anapopanga. Sasa anapanga kwako."

"Mi sikuwaajiri nyinyi."

"Karo unazikanyaga, mama. Zinauliza nani alituajiri?"

Nilikuwa na jibu. Niliingia ndani nikahesabu karo zilizovunjika nipate la kuwasuta, na hapo nikaona. Mifereji ile ambayo Ildephonse alisema haimo katika mkataba haijafungwa, na maji ya paa yote yanarudi ndani kupitia dari ya korido. Walikuwa wamepanga ndoo, beseni, karai, hata kofia ya plastiki ya Méthode, mstari mrefu toka chumba cha binti yangu Houda hadi jikoni. Kila kimoja kilikuwa nusu. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa akivimwaga.

Consolate alinifuata akamwaga karai la mwisho dirishani. "Tumekupokelea mvua siku tatu," akasema. "Hiyo hatujaiandikia bei."

Niliteremka mjini nikimkasirikia yeye, halafu Ildephonse, halafu yule mwanamke aliyeandika hapa kwamba Méthode ana kiburi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka beseni mbili zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Danielle alikuja kununua plaketi za breki. Ni karani wa mahakama na mteja wangu wa siku nyingi. Nilimwambia yote nikitafuta boksi.

"Nani alikuambia mafundi hawana njia ya kukufikia?" akasema. "Wanaweza kumudai mwenye nyumba moja kwa moja. Iko mu sheria, mu code civil, tangu wakati wa Wabelgiji."

"Kwa hiyo nitalipa mara mbili."

"Apana. Wanafika kwako mpaka pale unapodaiwa na entrepreneur, mkandarasi wako, hawapiti. Na inaangaliwa siku waliyofungua kesi. Siku ile kama unadaiwa kumi na mbili, ni kumi na mbili. Kama umeshamulipa yote, wanapata zero."

"Nikimlipa Ildephonse kesho, je?"

"We uko salama, wao wamekwisha. Wengi wanafanya hivyo."

"Na nikiwapa mafundi mwenyewe, mkononi?"

"Bila amri ya hakimu, Ildephonse atasema yeye hukumulipa, atakudai tena. Hapo ndiyo mara mbili yenyewe. Nipe na mafuta ya breki."

Alipoondoka nilikaa nikiitazama kaunta. Kwa mwezi mzima nimekuwa nikijiuliza nani atanitoa kwenye jambo hili. Njia iko moja tu: niburuzwe mahakamani.

Jumanne, 11 Machi

Nilimwita Méthode ateremke Buyenzi, na karakanani kwa Tajudini nikawaambia wote wawili: nishtakini mimi. Msimshtaki Ildephonse peke yake, hana kitu cha kukamata. Nishtakini mimi, upesi, wakati pesa bado iko kwangu.

Tajudini aliweka chini miwani yake ya kuchomelea. "Astaghfirullah. Nikushitaki we? Mke wa marehemu Shakuru? Mu Ramadhani?"

"Lango langu uliweza kuling'oa. Kunishtaki unaona haya?"

"Lango ni chuma, dada. We ni mutu. Nikikupeleka mahakamani, mama yangu hataninywesha hata uji wa futari."

Méthode akarudi nyuma hatua moja. "Mama, mi sijaona mutu anaomba ashitakiwe. Hii iko na mutego."

"Upo. Ila si wa kwako."

"Kila mutego wanasema hivyo."

Nimerudi dukani mikono mitupu. Mmoja ananiheshimu mno, mwingine haniamini hata kidogo, na kati yao Ildephonse anapita.

Ijumaa, 14 Machi

Atumani alinijia baada ya swala. Amesikia. Buyenzi nzima imesikia.

"Binti wa mzee Feruzi anatafuta kesi kama anayetafuta mchumba! Ukoo wetu haujawahi kusimama mbele ya hakimu."

"Utasimama. Mimi nitausimamisha."

"Hutausimamisha. Nimempa Ildephonse neno langu. Siku ya Idi anapata pesa yake."

Nilimheshimu kaka yangu hata siku alipouza baiskeli yangu nikiwa darasani. Leo nilimwambia, "Neno ni lako, kaka. Basi na pesa iwe yako." Akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ukuta wa chini unatoa jasho. Hakuna aliyeshtaki.

Jumamosi, 22 Machi

Barua ya Ildephonse, imepigwa chapa na ina muhuri. Anasema namdai funguo bure, kwamba nadaiwa naye milioni kumi na mbili kamili, na nisipolipa kufikia Idi atanichukulia hatua. Nimeitia plastiki. Ni mara ya kwanza anaandika kitu ambacho hataweza kukicheka.

Jumanne, 25 Machi

Méthode aliingia dukani saa nne akiwa amevaa viatu vya Jumapili.

"Nilienda mahakamani kuuliza kama unadanganya," akasema.

"Na je?"

"Hudanganyi." Akaweka juu ya kaunta nakala yenye muhuri wa leo. "Nimeshafungua. Mi na watu wangu, milioni tisa. Jina lako nimeandika vizuri, na la Ildephonse. Nilimwomba karani anisomee mara mbili."

Nilitaka kumshika mkono. Badala yake nilimwambia avuke kwa Tajudini amwonyeshe. Haikupita nusu saa Tajudini akapita mbele ya duka mbio mbio, kofia mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Mahakamani! Mukristo anatangulia kukushitaki, na mi jirani yako nabaki? Mama amesema niende kabla hawajafunga!"

Dai lake ni milioni tano. Tarehe ni ile ile.

Alhamisi, 27 Machi

Tarishi wa mahakama alileta hati saa tano, duka likiwa limejaa. Mzee mpole, alitaka tuingie nyuma nisione aibu. Nikamwambia asome hapo hapo, na asome kwa sauti. Nikasaini Sijaona binti Feruzi, jina zima.

"Mama, watu huwa wananikimbia," akasema.

"Ulichelewa. Nilikungoja tangu tarehe kumi na moja."

Atumani alikuwa ng'ambo ya barabara. Aliona kila kitu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Walikuja wawili baada ya swala, Atumani katika kanzu nyeupe na Ildephonse katika suti. Niliwapa pilau. Nisingemnyima mtu pilau siku kama hii.

Ildephonse alikula, akafuta midomo. "Bon, mama. Mzee Atumani alitoa neno."

Nikaweka hati mbili mezani. Alisoma ya kwanza haraka, ya pili polepole.

"Hii ni kitu gani?"

"Nimeshtakiwa. Pesa unayonidai sasa ina wenyewe wanaoigombea, sina ruhusa ya kuigusa mpaka hakimu aseme."

"We ndiwe uliwatuma!"

"Niliwaomba. Walikataa wiki mbili nzima."

"Utajuta. Funguo hutaziona."

"Nyumba haina lango, Ildephonse. Funguo za nini?"

Atumani alikohoa. Nilidhani anakasirika. Alikuwa akizuia kicheko, na alipoona nimemwona akainuka akaenda kunawa mikono.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Ndoo tisa sasa. Consolate anaimba hata nikiwapo.

Jumatano, 16 Aprili

Mteja mmoja aliniuliza kama ni kweli nimefilisika. Nikamuuzia betri kwa bei kamili.

Jumatano, 23 Aprili

Tumesikilizwa. Niliketi benchi moja na walionishtaki, kwa sababu lingine lilikuwa limevunjika. Atumani alikuja. Aliketi nyuma kabisa, lakini alikuja.

Hakimu ni mwanamke wa umri wangu. Alimwuliza Ildephonse jambo moja: "Tarehe ishirini na tano Machi, ulikuwa unamdai mama huyu kiasi gani?"

Nilimwona Ildephonse anavyopima. Akisema hanidai kitu, ameipoteza pesa yote. Akisema kumi na mbili, inawaendea mafundi.

"Ni hesabu ngumu kidogo, madame la juge. Kuna mambo ya mifereji..."

Nikainua barua iliyo kwenye plastiki. Hakimu akaisoma. "Hapa umeandika kamili. Ilikuwa kamili au haikuwa?"

"Ilikuwa kamili," akasema, na sauti yake ikasikika hadi kwenye benchi la kwanza tu.

Ijumaa, 9 Mei

Hukumu. Mafundi wanadai kumi na nne. Mimi nilidaiwa kumi na mbili. Kumi na mbili nitawalipa wao moja kwa moja, kila mmoja kwa kadiri ya dai lake, na hapo deni langu kwa Ildephonse limekwisha. Akabidhi funguo. Kilichopungua wamdai yeye.

Kilichopungua kwa Méthode ni karibu milioni moja na laki tatu. Alinisogelea uani akiwa na Consolate.

"Mama Houda. Hiyo iliyobaki."

Nilijua atauliza. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi, na bado ilinichoma.

"Mi silipi mara mbili, Méthode. Nilisema tangu Februari. Sheria ilinifikisha kumi na mbili, na nimefika."

"Ulisimama na sisi mpaka pale pesa yako inaishia," Consolate akasema.

"Ndiyo."

"Basi ni vizuri tujue ni wapi."

Alisema bila ubaya. Méthode aliikunja hukumu mara nne akaiweka mfukoni. Nimeandika jibu langu hapa kama nilivyolisema. Silifuti. Lakini mvua imekatika na nyumba ni kavu, korido Méthode ameimaliza tangu tusikilizwe, na ndani ya kadiri yangu ya haki kuna fundi anayerudi kwa watu wake wanne akiwa na upungufu. Haki ile haikunitosha.

Jumatatu, 12 Mei

Danielle anasema hukumu ya Méthode inaweza kumfuata Ildephonse popote anapodai pesa. Tajudini anasema Ildephonse anamjengea tajiri mmoja depo, ghala la bidhaa, Zone Industrielle. Nimeuliza tu.

Jumanne, 13 Mei

Nilifunga duka saa tatu, jambo ambalo sijafanya tangu mazishi ya Shakuru. Nilimpitia Méthode, tukapanda pikipiki mbili hadi Zone Industrielle. Depo ni kubwa, kuta zimepanda hadi linta. Mwenye depo hakuwapo. Méthode alimwachia mlinzi nakala ya hukumu ampe bosi wake, akadai saini, akaipata. Amejifunza.

Watu kama kumi na watano walikuwa kazini, wengine juu ya jukwaa, wanawake wakipokezana matofali. Nilisimama chini nikauliza kwa sauti patron wao ni nani.

"Ildephonse," akajibu fundi wa juu.

"Mmelipwa?"

Tofali lililokuwa njiani likasimama mkononi mwa mwanamke mmoja.

"Mwenye depo amemaliza kumlipa Ildephonse?"

"Apana, bado. Anamupa ya mwisho wakiweka bati."

"Basi msingoje bati. Nendeni mahakamani mkamshtaki mwenye depo, sasa, kabla hajatoa ya mwisho. Akishatoa mmekwisha."

Fundi alishuka ngazi mbili. "Tumushitaki tajiri? Mama, atatufukuza wote leo leo."

"Atakasirika. Mi nilikasirika wiki mbili."

"Kwani we ni nani? Avocate?"

"Apana," nikasema. "Mi ndiye walimushtaki." Nikamvuta Méthode mbele kwa mkono. "Na huyu ndiye alinishtaki. Shukeni, awaambie inavyofanywa."

Wakaanza kushuka.